Kukusanya Sarafu na Noti za Zamani Gharama za Maisha Zinapopanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wale wanaokusanya sarafu na noti za Afrika Mashariki, ambao katika miaka ya karibuni wameona unga, mafuta ya kupikia, nauli na kodi ya nyumba vikimeza sehemu ile ya kipato waliyokuwa wakiitengea albamu zao. Maswali yenyewe ni yale ambayo wenzangu huniuliza mara nyingi, na mengi yanarudi kwenye jambo moja ninaloliamini kwa dhati, kwamba mkusanyo hukuzwa na ujuzi na uangalizi kuliko manunuzi, na kwamba wakati wa ukata ndio wakati wa kuzifanya kazi tulizoziahirisha tulipokuwa na fedha.

Je, si makosa kuendelea na jambo hili wakati nyumbani hapatoshi?

Ni makosa iwapo fedha inayonunua sarafu imetoka kwenye chakula, ada ya shule au dawa, na hapo hapana mjadala. Lakini anayeuliza swali hili mara nyingi huchanganya kununua na kukusanya, ambavyo ni vitu viwili. Mtu mwenye sarafu 200 ndani ya kopo anayo kazi ya mwaka mzima bila kuongeza hata moja, kwa sababu hajazitambua zote, hajazipima, hajaandika zilikotoka, na huenda hajui kwamba mbili kati ya hizo zinazofanana kabisa zilitengenezwa katika miji tofauti.

Ipo sababu nyingine inayonifanya nisione aibu kuendelea. Fedha za zamani ndizo kumbukumbu ya wazi kuliko zote ya jambo lenyewe linalotubana, yaani kupanda kwa bei. Sarafu ambazo Benki Kuu ya Tanzania ilizitoa mwaka 1966 zilianzia senti 5 yenye samaki, zikafuatiwa na senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Kila moja ilikuwa na kitu cha kununua dukani, na leo senti hizo hazionekani tena mikononi mwa watu. Huko Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hali ilikuwa kali zaidi, kwani mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000, na Oktoba 1993 ikaanzishwa zaire mpya iliyobadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani, kiasi kwamba noti ile ya milioni tano haikufikia thamani ya zaire mpya mbili. Anayeishika noti hiyo huelewa upesi maana ya mshahara kuyeyuka kabla ya kufika nyumbani.

Nitenge kiasi gani kwa mwezi?

Siwezi kukutajia kiasi, kwa kuwa sijui kipato chako wala wategemezi wako. Ninachoweza kusema ni utaratibu ambao umenisaidia: fedha ya kununulia iwe ni ile tu iliyotokana na kuuza sarafu ulizo nazo zaidi ya moja, na ikae kwenye bahasha yake peke yake. Bahasha ikiwa tupu, hununui. Usikope kwa ajili ya sarafu, na mikopo ya haraka ya kwenye simu usiiguse kabisa kwa jambo hili, kwa sababu riba yake itaizidi thamani ya kile ulichonunua kabla hujamaliza kulipa.

Ni vitu gani vinavyoweza kukusanywa kwa fedha kidogo na bado vikawa na maana?

Hapa ndipo penye utajiri ambao wengi hawauoni. Watu hutamani sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo Wajerumani waliitengeneza Tabora mwaka 1916 baada ya vita kuwakatia njia ya kupata fedha kutoka kwao. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, bei yake ni ya matajiri, na za bandia ni nyingi. Wakati huo huo, sarafu za kawaida za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, zimejaa kwenye makopo ya wazee, na historia iliyomo ndani yake haipungui.

Chukua senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati, zilizopambwa kwa pembe za ndovu. Tundu lile liliwawezesha watu kuzitunga kwenye kamba, na kwa sababu yake sarafu hizo hazikuwa na sura ya mfalme, bali jina lake tu. Matokeo yake ni ya ajabu. Edward VIII alikuwa mfalme wa Uingereza kwa muda usiofika mwaka mmoja, kuanzia Januari hadi Desemba 1936, na sarafu zilizoandaliwa kwa sura yake huko kwao hazikuwahi kutolewa kwa matumizi. Huku kwetu, senti 5 na senti 10 za 1936 zenye jina lake zilitengenezwa kwa wingi na zikatumika sokoni. Mkusanyaji wa London anayeitaka sura ya mfalme huyo kwenye sarafu ya nchi yake hana budi kuwa tajiri mkubwa, ilhali bibi wa Korogwe au Machakos anaweza kuwa na jina lake ndani ya kibweta bila kujua.

Chagua basi mada finyu. Unaweza kufuata alama za viwanda vilivyozitengeneza: herufi H na KN ni za viwanda viwili vya eneo la Birmingham, SA ni ya Pretoria, na I ni ya Bombay, iliyotumika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Unaweza kufuata mabadiliko ya madini, kwani shilingi za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha, na zile za kuanzia 1948 ni za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Unaweza pia kufuata mwisho wa ukoloni kwa senti 5 na senti 10 za 1964, ambazo zimebaki na maneno ya Afrika Mashariki bila jina la mtawala yeyote. Kila mada kati ya hizi inakamilika kwa sarafu chache zisizo ghali.

Aliye Kenya anaweza kuanza na chenji ya dukani. Katiba ya 2010 ilikataza fedha kuwa na picha ya mtu yeyote, na sarafu mpya zenye twiga, kifaru, simba na tembo zikazinduliwa Desemba 2018, lakini zile zenye sura ya Kenyatta na ya Moi bado hupita mikononi mwetu. Kuzichambua kwa miaka na hali hakukugharimu chochote, kwa kuwa zile usizozitaka utazitumia kwenye nauli kesho yake.

Kuna kazi gani isiyodai fedha kabisa?

Kazi ya kwanza ni kupima. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye madini ya fedha ndani yake ina uzito wa takriban gramu 7.8, na mizani ndogo ya sonara, ambayo unaweza kuazima kwa saa moja, itakuonyesha iliyochakaa na iliyo ya bandia. Kazi ya pili ni kutambua, na kwa hilo orodha ya Numista inapatikana bure kwenye intaneti, ikiwa na picha, uzito, kipenyo na miaka.

Kazi ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kuzungumza na wazee. Majina ya fedha katika lugha yetu ni mkusanyo kamili unaojitegemea: pesa ilitujia kutoka India kwa njia ya biashara, hela ni ile heller ya Wajerumani waliyoianzisha mwaka 1904 walipoigawa rupia katika sehemu 100, na thumni, yaani senti 50, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Mzee mmoja wa Tanga aliwahi kunieleza jinsi mama yake alivyoificha thumni ya sikukuu kwenye pindo la kanga, na maelezo hayo nimeyaandika kwenye karatasi inayokaa pamoja na sarafu yenyewe. Wazee hawa wanaondoka, na watakachotuambia mwaka huu huenda tusikisikie tena mwaka ujao.

Je, nizisafishe ziweze kupata bei nzuri zaidi?

Hapana. Majivu, ndimu, dawa ya meno na brashi ya chuma vimeharibu sarafu nyingi za pwani kuliko bahari ilivyofanya. Rangi ya kahawia au kijivu iliyojengeka juu ya sarafu kwa miaka ni ngozi yake, na mnunuzi anayejua huikimbia sarafu iliyong'arishwa. Ikiwa ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi wala madini, kisha uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kuisugua.

Vifaa vya kuhifadhia vimekuwa ghali. Nitumie nini badala yake?

Bahasha ndogo za karatasi kavu, moja kwa kila sarafu, zinatosha kabisa, na unapata nafasi ya kuandika juu yake. Sanduku la bati lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, ni ulinzi mzuri hata kwa aliye Unguja, Lamu au Mombasa, ambako hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Vifuko hivyo vikikaa muda mrefu huchoka, kwa hiyo vibadilishe kila unapopata vipya.

Jihadhari na mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, ile ya albamu za bei ya chini. Plastiki hiyo hutoa ute wa kijani unaonata na kuila sarafu polepole, na mkusanyaji hugundua baada ya miaka, wakati madhara yamekwisha kutokea. Kwa noti, usitumie selotepu, pini wala mashine ya kufunika kwa plastiki ya moto. Zilaze tambarare kati ya karatasi nyeupe safi, mbali na jua, na uzikague kila mwezi kwa ajili ya mende na mchwa.

Noti zangu za zamani zimetangazwa kuondolewa. Nizibadilishe au nizihifadhi?

Badilisha nyingi, hifadhi chache. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za miaka ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Nchini Kenya, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019. Nyakati kama hizo watu hushawishika kuweka bunda zima kwa matumaini kwamba litapanda thamani, jambo ambalo silishauri kwa mtu mwenye mahitaji, kwa sababu noti iliyotolewa kwa mamilioni haiwi adimu kwa kuondolewa tu. Chagua noti moja ya kila aina, iliyo safi na isiyokunjwa, na zilizobaki zipeleke benki kabla ya siku ya mwisho. Kipindi cha tangazo ndicho cha mwisho cha kupata noti nzuri kwa thamani iliyoandikwa juu yake, na asiye na fedha nyingi anapaswa kuwa macho wakati huo kuliko wakati mwingine wowote.

Je, bado inafaa kununua kutoka nje ya nchi?

Kwa wengi wetu, kwa sasa, haifai. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ya Marekani ilivuka shilingi 160 za Kenya, na ingawa kiwango hicho kilishuka baadaye, bado kuna gharama ya kutuma kifurushi, ushuru, na hatari ya kupotea njiani. Sarafu ya dola 5 inaweza kukufikia kwa mara tatu ya bei yake. Kubadilishana na mwenzako wa Kampala, Bujumbura au Muscat, kila mmoja akituma kile ambacho kwake ni cha kawaida, kunawafaa nyote, mradi mmekwisha kufahamiana na mmeanza na vitu vya thamani ndogo.

Ninaona video zinazosema kwamba sarafu fulani inanunuliwa kwa mamilioni. Ni kweli?

Kila bei zinapopanda na watu wanapohangaika, madai haya huongezeka, na walengwa wake ni wale wasio na akiba. Dalili yake haibadiliki: mnunuzi hakuoni wala haioni sarafu yako, anataja kiasi kikubwa mno, kisha anakuomba utume fedha kidogo kwanza kwa ajili ya usajili au cheti. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi.

Zipo pia kauli za udanganyifu mdogo. Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria iliyotumika sana katika biashara ya pwani yetu, ina mwaka 1780 hata ikiwa imetengenezwa juzi, kwa kuwa Vienna imeendelea kuitoa kwa tarehe hiyo hiyo. Mwaka ulioandikwa juu yake hauthibitishi umri, na kinachoweza kuthibitishwa na mtu wa kawaida ni uzito wake wa takriban gramu 28 na ubora wa madini yake ya fedha.

Nikilazimika kuuza, nianzie wapi?

Kuuza kwa sababu ya ugonjwa au ada hakukupunguzii heshima, lakini kuuza kwa haraka kutakupunguzia fedha. Anza na zile ulizo nazo zaidi ya moja, kisha zilizo nje ya mada yako, na kiini cha mkusanyo kiwe cha mwisho. Panga, piga picha pande zote mbili, andika uzito, kisha uliza wanunuzi watatu kabla ya kukubali. Bei inayotajwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji, kwa hiyo tafuta bei zilizokwisha kulipwa, na ukumbuke kwamba mfanyabiashara lazima abakize faida yake.

Haya nayasema kwa uchungu wa kweli. Mwaka 2022, bei za vitu zilipopanda kwa ghafla, niliuza kopo zima kwa kilo kwa mfanyabiashara mmoja bila kulipanga, na siku chache baadaye, nilipotazama picha niliyokuwa nimepiga zamani, niliiona humo pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 Hijria, yenye mizani upande mmoja na maandishi yake yote yakisomeka. Haikuwa ya bei kubwa. Ilikuwa ya babu yangu, na jioni moja ya kupanga ingetosha kuinusuru.

Nimepata sarafu ya kale sana shambani au ufukweni. Naweza kuiuza?

Shida za fedha zisikuingize kwenye kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na sheria ya Kenya ya 2006 kuhusu makumbusho na urithi inavilinda vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo maandishi ya pande zake mbili huunda vina kama shairi, zimo ndani ya ulinzi huo. Piga picha, andika mahali ulipoiona, usichimbe zaidi, na utoe taarifa kwa idara ya mambo ya kale au makumbusho yaliyo karibu nawe.

Mahali ilipoonekana pana thamani kubwa kuliko madini yake. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kadhaa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na miongoni mwake zilikuwamo tano za Kilwa. Kwa kuwa alikuwa ameweka alama ya mahali hapo kwenye ramani, watafiti waliweza kurudi huko miongo mingi baadaye.

Mwenzi wangu anaona ninapoteza fedha. Nimweleze vipi?

Mwonyeshe hesabu. Mwenzi asiyejua kilichonunuliwa wala bei yake ana haki ya kuhofu, hasa wakati kila senti ina kazi. Kubalianeni kiasi, au kubalianeni kutonunua kwa kipindi fulani, na uheshimu makubaliano hayo hata ukikutana na kitu ulichokitafuta kwa miaka. Mshirikishe pia mahali kila kitu kilipo na nani anaweza kukinunua kwa haki, maana wajane wengi wameuziwa urithi wao kwa bei ya chuma chakavu.

Nikisimama kununua mwaka mzima, niandike nini kwenye daftari langu?

Andika kila sarafu kwa ukurasa au nusu ukurasa: nchi, thamani, mwaka, alama ya kiwanda, uzito, hali, ilikotoka, bei uliyolipa, na lolote ulilosimuliwa kuihusu. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Afrika Mashariki, senti 10, 1936, alama H, jina la Edward VIII. Imechakaa kidogo kando ya tundu. Nilipewa Muheza na shangazi, aliyekuwa ameitunga kwenye uzi pamoja na funguo za sanduku la nguo. Sikulipa kitu. Uzi nimeuhifadhi."